Jinsi ya Kukagua Sarafu za Dhahabu za Wake wa Marais wa Marekani Kabla ya Kuzinunua

Sarafu hizi zilitokana na sheria iliyotiwa saini Desemba 2005, ile ile iliyoanzisha sarafu za dola 1 zenye sura za marais. Za wake zilianza kutolewa mwaka 2007 kwa Martha Washington na Abigail Adams, zikaendelea hadi Nancy Reagan mwaka 2016, na Barbara Bush akaongezwa mwaka 2020. Huzinunua na kuziuza, na utaratibu ufuatao ndio ninaoufuata kila moja inapowekwa mezani kwangu, hata muuzaji awe rafiki.

Hatua ya 1: Soma maandishi yote kwa lenzi

Upande wa uso, pamoja na sura na jina, tafuta herufi ndogo W, ambayo ni alama ya kiwanda cha West Point, New York. Upande wa nyuma ni lazima uwe na thamani ya $10, uzito wa nusu aunsi na usafi wa .9999. Usiruke upande huu, kwa sababu idara ya serikali inayotengeneza sarafu hizi iliuza pia medali za shaba nyeusi zenye michoro ile ile, lakini zisizo na thamani ya fedha wala tamko la dhahabu. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii niliuziwa medali ya namna hiyo ikiwa imepakwa rangi ya dhahabu. Nilikuwa nimeitazama sura ya Dolley Madison kwa furaha nikasahau kuigeuza.

Hatua ya 2: Hakikisha kwamba sarafu hiyo iliwahi kutolewa

Wanunuzi wapya hushtuka wanapoona sura ya Uhuru (mwanamke wa kubuni anayewakilisha uhuru kwenye sarafu za Marekani) badala ya mke, wakadhani wameletewa bandia. Marais Jefferson, Jackson, Van Buren na Buchanan hawakuwa na wake walipokuwa madarakani, kwa hiyo sarafu zao zilipewa sura ya Uhuru iliyochukuliwa kwenye sarafu za zama zao. Ya Chester Arthur, ambaye mkewe alifariki kabla hajawa rais, ina Alice Paul, mpigania haki ya wanawake kupiga kura, aliyezaliwa mwaka 1885 Arthur akiwa bado Ikulu. Kwa upande mwingine, Frances Cleveland ana sarafu mbili kwa kuwa vipindi vya mumewe vilitenganishwa na cha Benjamin Harrison. Rosalynn Carter hayumo katika zile za 2016, kwa sababu sheria ilimtaka rais mhusika awe amefariki angalau miaka miwili kabla, na Jimmy Carter alikuwa hai. Ukiletewa ya Rosalynn yenye mwaka huo, mrudishie mwenyewe.

Hatua ya 3: Pima

Uzito sahihi ni gramu 15.55 na kipenyo ni milimita 26.49. Aunsi inayotajwa hapa ni ya masonara, yenye gramu 31.1, si ile ya kawaida ya gramu 28.35; anayekuambia kwamba gramu 14.2 ni nusu aunsi anachanganya vipimo viwili, au anataka wewe uchanganye.

Kisha jaribu uzito wake ndani ya maji. Weka kikombe cha maji safi juu ya mizani inayosoma sehemu za mia za gramu, irudishe kwenye sifuri, halafu ning'iniza sarafu kwa uzi mwembamba hadi izame yote bila kugusa kikombe. Mizani isome takriban 0.80 au 0.81. Gawanya 15.55 kwa namba hiyo upate kiasi cha 19.3, yaani msongamano wa dhahabu safi. Jaribio hili humnasa anayetumia shaba au risasi, lakini halimnasi anayetumia tungsteni, ambayo msongamano wake unakaribiana mno na wa dhahabu. Hapo mpelekee sonara mwenye kifaa cha kupima upitishaji wa umeme. Sarafu zenye uwanja (sehemu tupu inayozunguka sura) unaong'aa kama kioo usizitumbukize majini hata kidogo, kwa maana doa likibaki limebaki.

Hatua ya 4: Kokotoa bei

Chukua bei ya dhahabu ya siku hiyo kwa aunsi na uigawe kwa mbili. Dhahabu ikiwa dola 3,000, sarafu ina dhahabu ya dola 1,500, na hizo dola 10 zilizoandikwa hazina kazi katika hesabu yako. Nyongeza juu ya hapo itokane na uchache, si umaarufu wa jina. Martha Washington anajulikana kote, lakini kikomo cha sarafu zake kilikuwa 40,000, ilhali nyingi za miaka ya baadaye hazikufika 5,000 kwa kila toleo, kwa kuwa wakusanyaji walikuwa wamechoka, tena bei ya dhahabu ilikuwa imepanda. Mimi humlipia Lucretia Garfield nyongeza kubwa kuliko Martha, ingawa wateja wengi hawajui mumewe alikuwa nani.

Hatua ya 5: Hifadhi

Dhahabu ya karati 24 ni laini na hukwaruzika kwa kitambaa tu. Ishike kwa ukingo, usiisugue, iache ndani ya kifuko chake kigumu cha plastiki, na boksi pamoja na cheti chake vitunze mahali pamoja nayo, kwani mnunuzi atakayefuata ataviulizia kabla ya kutaja bei.