Kufundisha Amri Kumi kwa tofali, gololi na kopo la maharage

Mwalimu mgeni wa Shule ya Jumapili usharikani kwetu aliniomba nimsaidie kuandaa vipindi vya Amri Kumi. Alikuja na orodha ya vifaa: mshumaa, kioo, chumvi, kufuli, puto. Kila kimoja kilikuwa fumbo la kitu kingine. Tulifuta karibu orodha nzima. Mtoto wa miaka sita ukimwonyesha mshumaa ukamwambia huu ni utii, akifika nyumbani atasema mwalimu alileta mshumaa.

Kanuni yangu ni moja: leta kitu ambacho amri yenyewe hushikwa au huvunjwa kwacho. Mafumbo wawekee watoto wakubwa.

Hatua ya 1: Usiandike namba

Luther, katika Katekisimu Ndogo ya 1529, alifuata hesabu ile ile ya Wakatoliki: katazo la sanamu linaingia ndani ya amri ya kwanza, na kutamani kunagawanywa mara mbili mwishoni. Waanglikana, Wasabato na Wapentekoste wengi huhesabu sanamu kama amri ya pili. Ndiyo maana mtoto wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) anaijua "Usiue" kuwa ya tano, rafiki yake Mwanglikana anaijua kuwa ya sita, na wote wawili wamefundishwa vizuri. Kwenye kipindi cha dini shuleni, ambako madhehebu yamechanganyika, ubishi wa namba unaweza kumaliza kipindi. Taja amri kwa maneno yake. Namba watazikuta kipaimara.

Hatua ya 2: Anza na tofali

Tofali la kuchoma, lile zito. Kila mtoto alibebe kutoka mlangoni hadi mbele, wadogo wawili wawili. Wakishachoka, wasimulie Kutoka 5, pale Farao anapowanyima Waisraeli majani na bado idadi ya matofali inabaki ile ile. Hapo ndipo usome Kutoka 20:2: "Mimi ni BWANA, Mungu wako, niliyekutoa katika nchi ya Misri, katika nyumba ya utumwa." Wengi wetu huuruka mstari huo tukawahi makatazo, na watoto wanaondoka na Mungu aliyeanza kwa kugomba. Aliyebeba tofali anaelewa kwamba huyu alianza kwa kuokoa.

Tofali usilirudishe nyumbani. Utalihitaji kwa Sabato. Katika Kumbukumbu la Torati 5:15 Misri inatajwa tena, safari hii kama sababu ya kupumzika: nawe ulikuwa mtumwa, basi na anayekutumikia apumzike. Weka sufuria lenye masizi kando ya tofali, uulize: Jumapili nani analisugua hili? Jibu mara nyingi ni "dada". Uliza dada anapumzika lini, kisha unyamaze. Kama kuna Wasabato darasani, swali lao ni la Jumamosi.

Hatua ya 3: Zile fupi

Jina la Mungu: gololi. Wachezeshe dakika tano tu, utasikia mwenyewe "Haki ya Mungu, haijagusa!" Simamisha mchezo hapo hapo.

Baba na mama: sahani mbili za chakula, na nani anapakuliwa kwanza. Sema "mzazi au mlezi", maana wengi wanalelewa na bibi au shangazi.

Usiue: ganda la ndizi njiani. Usilete kisu wala panga, hata kwa mfano. Kutoka 21:33 inamwajibisha aliyeacha shimo wazi ng'ombe akatumbukia, na mtoto anaona upesi kwamba anayetupa ganda anafanana naye.

Usizini: pete ya ndoa, na sentensi mbili kuhusu kutunza ahadi. Basi. Maswali ya zaidi yajibiwe na wazazi. Pete iwe yako au ya mzee wa kanisa, usiazime kwa mzazi wa mtoto aliye darasani.

Hatua ya 4: Usiibe

Hii ndiyo inayokula muda, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Watoto wanajua mwizi ni yule anayeruka ukuta usiku. Kipimo kilichochezewa hawakihesabu, ilhali wanatumwa sokoni kila siku.

Kisado halisi kinameza lita nne na maharage ni ghali, kwa hiyo tumia makopo mawili ya plastiki ya lita moja, yanayofanana kabisa na yasiyoonyesha ndani. Kwenye moja panga chini vizibo vinne vya chupa za maji, juu yake laza duara la kadibodi nene, kisha zungushia selotepu ukingoni. Tafuta pia jagi linaloonyesha ndani.

Tumia maharage makubwa. Unga hushindiliwa: ukilitikisa kopo kidogo, kipimo kinabadilika, na makopo mawili ya haki yanaweza kuonekana tofauti. Mchele hupenya kandokando ya kadibodi na siri inatoka kabla ya wakati. Mahindi yanafaa kama maharage hayapo. Na usiache kilele juu ya kopo. Futa kwa rula, la sivyo watoto watabishana kuhusu kilele badala ya kitako. Jaribu kwanza nyumbani, maana kadibodi nyembamba hubonyea katikati na tofauti inapotea.

Darasani, watoto wawili wanunue kutoka makopo hayo mawili kwa bei moja. Mimina la kwanza kwenye jagi, weka alama, rudisha. Mimina la pili. Wakiona pengo usieleze kitu. Waache wakague makopo wenyewe mpaka mmoja atie mkono ndani. Kelele zitakuwepo. Vumilia.

Sasa tahadhari. Karibu kila darasa lina mtoto ambaye mama yake anauza nafaka. Usiseme "wauzaji wa sokoni". Sema "kopo hili". Usimpe mtoto huyo nafasi ya muuzaji kwenye igizo, wala usimkwepe waziwazi. Halafu, siku hiyo hiyo, onyesha lumbesa: jaza kiroba kidogo, kisha ongeza maharage juu mpaka yatengeneze kichuguu, uyafunge kwa kipande cha wavu na kamba. Bei inabaki ya kiroba kimoja. Aliyeibiwa hapa ni mkulima, na aliyeiba ni mnunuzi. Wakala wa Vipimo wanapiga vita lumbesa kwa sababu hiyo, na darasa linaona kwamba wizi hauko upande mmoja wa meza. Ukiiacha lumbesa kwa wiki ijayo, mtoto wa muuzaji anabeba aibu siku saba.

Maandiko yapo tele: Kumbukumbu la Torati 25:13 inakataza kubeba mawe mawili ya kupimia mfukoni, kubwa na dogo. Amosi 8:5 ni bora zaidi kwa darasa letu, kwani wafanyabiashara wanaona Sabato inachelewa kwisha, wana hamu ya kurudi kwenye kipimo chao kilichopunguzwa. Waliokwisha kukutana na tofali watakumbuka.

Usifunge kipindi kabla maharage yaliyozidi hayajarudishwa, kwa mkono, kwa aliyepunjwa. Atakayemtaja Zakayo na mara nne zake (Luka 19:8) mpe nafasi asimulie.

Hatua ya 5: Simu, na onyo kwa wazazi

Kwa "Usimshuhudie jirani yako uongo" watoto wawili waigize simu. "Uko wapi?" "Niko njiani, nimeshafika hapa kona." Huku kavaa kiatu kimoja. Kisha wape igizo zito zaidi: chaki imepotea, na mmoja anasema aliyeichukua ni fulani, naye hakuona. Hilo la pili ndilo hasa amri inalolilenga. La kwanza linafungua mlango tu.

Watoto watalipeleka hili nyumbani. Baba akisema "mwambie sipo", atajibiwa. Omba nafasi kwenye matangazo ya ibada wiki moja kabla, wazazi wajue somo linalokuja.

Hatua ya 6: Kutamani

Usilete kitu, na kamwe usitumie begi au viatu vya mtoto aliye darasani. Soma orodha ya Kutoka 20:17, nyumba mpaka punda, kisha waandike orodha yao mchangani kwa kijiti. Ya kwao itakuwa na baiskeli.

Hatua ya 7: Pima baada ya wiki mbili

Usionyeshe kifaa chochote. Taja amri, mtoto ataje mahali pengine inapovunjwa, pasipokuwepo darasani siku ile. Akijibu "kopo" tu, amekariri kopo. Rudia amri hiyo kwa kitu kipya: kwa wizi, chenji iliyozidi dukani inafaa, na haihitaji selotepu.