Uchumi kwenye gemu za anga: acha kuangalia ghala, angalia ile namba ndogo ya pembeni

Kuna kosa naliona kwa karibu kila mtu anayeanza hizi gemu za mikakati za anga, na mi mwenyewe nimelifanya miaka. Mtu anatazama ghala. Juu ya skrini kuna madini 9,000, nishati 6,000, anajiona tajiri, anaendelea zake kuzungusha ramani na kuzipa meli majina, alafu nusu saa baadae jirani anaingia na meli mara mbili ya zake na yeye anabaki kujiuliza huyu katoa wapi. Katoa hukohuko unakotoa we, ila ghala lake lilikuwa karibu tupu muda wote maana kila kilichoingia kilitoka kikiwa mgodi, kiwanda au meli.

Kwa iyo kabla ya yote, zoea kusoma ile namba ndogo ya pembeni, ile yenye jumlisha au toa. +45. -12. Hiyo ndo uchumi wako, ile kubwa ni mabaki tu.

Tuanze na mwanzo wa gemu, coz hapo ndo mechi nyingi zinaamuliwa kimyakimya. StarCraft II, gemu ya vita ya papo kwa papo, ni shule nzuri ya hili hata kama huipendi, sababu hesabu zake ni fupi na zinaonekana kwa macho. Unaanza na wafanyakazi 12 na madini 50. Mfanyakazi mmoja bei yake ni madini 50, na kila safari moja ya kwenda kwenye madini na kurudi anakuletea 5, maana yake safari 10 ashalipa deni lake na kuanzia hapo anakuingizia faida tupu mpaka afe au madini yaishe. Sasa niambie kuna kitu gani kingine kwenye gemu kinarudisha hela haraka hivo? Hakuna. Ndo maana wanaojua hawaachi kutengeneza wafanyakazi dakika za mwanzo hata sekunde chache, na wewe ukiwa unaangalia mapambano huku jengo lako kuu limekaa bure unakuwa umeshaanza kuchapwa bila kupigwa risasi.

Ila kuna mwisho wake. Kambi moja ya kawaida ina mafungu 8 ya madini, na fungu moja linawatosha wafanyakazi wawili, kwa iyo 16. Ukiongeza wa tatu anasubiri foleni, analeta kidogo kuliko wenzake. Gesi, rasilimali ya pili, inataka watatu kwa kila kisima, visima viwili, 6. Jumla 22 kwa kambi, kambi tatu ni 66, na jeshi zima pamoja na hao wafanyakazi haliruhusiwi kuzidi nafasi 200, kwa iyo ukifika hapo kwenye 66 au 70 acha, kila mfanyakazi wa ziada ni askari mmoja pungufu kwenye vita ya mwisho. Na hizo nafasi zenyewe zinataka kujengewa mapema, jengo moja la Pylon au Supply Depot linaongeza 8 tu, ukisahau unajikuta una madini kibao na huwezi kutoa hata askari mmoja. Inauma sana ile, hela ipo mlango umefungwa.

Sasa tuje kwenye gemu nzito, zile ambazo rasilimali moja inazaa nyingine. Hapa ndo watu wanafulia huku wana mali. Ntachukua Stellaris, gemu ya kuendesha dola la anga, maana ndo niliyoumia nayo zaidi. Tangu toleo la 2.2 la mwisho wa 2018 meli hazijengwi kwa madini tena, zinajengwa kwa aloi (metali iliyoyeyushwa na kuchanganywa), na aloi inatoka kwa wafanyakazi wanaokula madini. Hesabu ya msingi niliyoizoea kwenye matoleo ya kabla ya 4.0 ya 2025, kabla hujaweka bonasi yoyote: myeyushaji mmoja anakula madini 6 kwa mwezi anatoa aloi 3, na mchimba madini mmoja anatoa 4. Yaani kila wayeyushaji wawili wanataka wachimbaji watatu nyuma yao. Na hao wayeyushaji ni watu wa tabaka la juu kidogo, wanataka bidhaa za matumizi ili wasinune, na hizo bidhaa nazo zinatengenezwa kwa madini hayohayo. Unaona mnyororo ulivyo? Ukivuta kamba upande huu kule mwisho kuna mtu anakosa.

Mechi moja nakumbuka nilikuwa na madini yamejaa ghala mpaka yanamwagika, yaani kila mwezi yanaingia na kupotea maana hakuna pa kuweka, na aloi zinaingia 11 kwa mwezi. Kumi na moja. Nikawa nafikiri shida yangu ni utafiti, nikaongeza maabara, maabara zikala bidhaa za matumizi, bidhaa zikaenda hasi, nikageuza kiwanda kimoja cha aloi kiwe cha bidhaa, aloi zikashuka zikawa 8, na jirani akaja. Yote ile nilikuwa natibu mguu wakati kinachouma ni jino. Ningesimamisha gemu dakika mbili tu nikajiuliza swali moja: kitu gani ndo kinanizuia kujenga ninachotaka kujenga sasa hivi? Jibu lilikuwa aloi, na chakula cha aloi kilikuwa kimejaa ghalani. Viwanda viwili tu vingetosha.

Hilo swali jiulize kila baada ya muda, mi najiuliza kila mwaka wa ndani ya gemu unapobadilika. Karibu mara zote kuna rasilimali moja tu inayokubana, sio tatu, na ukishaifungua hiyo inakuja nyingine, ndo mchezo wenyewe huo. Mwanzoni kwenye Stellaris mara nyingi ni ushawishi (nguvu ya kisiasa ya dola lako) na aloi kwa sababu vituo vya kuchukua nyota mpya vinakula vyote viwili, katikati aloi, baadae unaweza kushangaa ni watu wenyewe, viwanda vipo ila hakuna wa kuvifanyia kazi. Kujenga kiwanda kisicho na watu ni kosa la kila siku: jengo linakula nishati ya matunzo kila mwezi na halitoi kitu.

Soko la ndani ya gemu litumie ila usilioe. Pale Stellaris kuna makato ya 30% mwanzoni, na kila ukinunua bei inapanda, ukiuza inashuka, kwa iyo kumwaga madini 5,000 kwa mpigo ni kujichinja, bora uweke oda ndogo ya kila mwezi bei isishtuke. Ni dawa ya kuziba pengo la miezi michache wakati unajenga mgodi wa kweli.

Haya, upande wa pili wa ile namba ndogo: matunzo. Kila meli unayojenga ni bei mara mbili, ile ya kununua na ile ya kila mwezi milele. Mtu anaangalia ana nishati +60, anajenga kikosi kizima, meli zinatoka kiwandani zote pamoja na +60 inakuwa -15, na bado hazijaenda hata vitani. Ukizidisha uwezo wa kikosi uliowekewa na gemu matunzo yanapanda zaidi. Kabla hujabonyeza, soma matunzo ya meli moja, zidisha kwa idadi, toa kwenye faida yako, ni hesabu ya sekunde 10. Kama jibu ni hasi sio lazima uache, hasi ya makusudi inaruhusiwa kabisa: una akiba 3,000, unapoteza 50 kwa mwezi, una miezi 60, miaka mitano ya kwenda kumnyang'anya jirani migodi yake. Hapo ghala ndo lina kazi, ni mafuta ya vita. Hasi usiyoijua ndo inaua, coz akiba ikigonga sifuri gemu inaanza kukuadhibu na adhabu zenyewe zinazidi kushusha uzalishaji.

Sins of a Solar Empire ya 2008 ina roho mbaya zaidi hapa na mi naipenda kwa hilo. Ukifanya utafiti wa kuongeza ukubwa wa jeshi, inakata asilimia ya mapato yako moja kwa moja, na haijali kama meli zipo au zimeteketea zote, kwa iyo anayewahi kupandisha jeshi bila kujaza anakatwa bure. Homeworld ya 1999 nayo iko tofauti, rasilimali ni moja tu na kikosi unachomaliza nacho misheni ndo unachoanza nacho inayofuata, ukipoteza meli kizembe kilio chako unahama nacho.

Mwisho ni zile za kivinjari za muda mrefu kama OGame, ambazo watu wanapandisha mgodi kila ukiwezekana kupanda bila kupiga hesabu. Piga. Mgodi wa metali kila levo bei yake inazidishwa kwa 1.5, uzalishaji unakua taratibu zaidi ya hapo. Kwenye ulimwengu (seva) wa kasi ya 1, ile ya kawaida, kutoka levo 10 kwenda 11 unalipa metali kama 3,460 na unapata nyongeza ya kama 163 kwa saa, inarudi ndani ya saa 21 hivi. Kutoka 20 kwenda 21 unalipa kama 199,500, nyongeza 626 kwa saa, inarudi baada ya siku 13. Na hapo sijahesabu kristali, rasilimali nyingine ambayo mgodi unaitaka, wala umeme wa kuuendesha. Sio kwamba usipandishe, ila sayari mpya yenye migodi ya levo 10 inarudisha hela haraka kuliko huu mmoja mzee, na hicho ndo watu wengi hawakioni maana macho yapo kwenye sayari yao ya kwanza.

Na huku ghala lina ubaya mwingine kabisa: linavutia wezi. Anayekushinda kwa kawaida anaweza kuondoka na nusu ya kilicholala pale, na wezi wanapeleleza usiku wakijua umelala. Kwa iyo kabla hujazima simu, tumia unachoweza kutumia, kilichobaki pakia kwenye meli za mizigo, toa na kikosi chote kiende nacho, safari ndefu ya kasi ndogo, na pigia hesabu muda wa kurudi uwe dakika chache baada ya wewe kuamka, sio kabla.