Somo: Kuinua Hilux LN106 inchi 2 na kuifunga tairi za 235/85R16

Somo hili ni la wenye Hilux LN106, zile za 1988 hadi 1997 zenye injini ya dizeli ya 3L na, kubwa zaidi, ekseli nzima ya mbele inayokaa kwenye springi za mabamba kama ile ya nyuma. Bado zinapiga kazi Mpanda, Loliondo, Maralal hadi Beni, na fundi anayeijua humkosi. Ndiyo maana inaniuma kuona moja imeharibiwa kwa tairi kubwa kupita kiasi na vyuma vya kuchomelea.

Kabla hujashika spana, tuelewane jambo moja. Springi hazinyanyui difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli. Ukiinua gari inchi 4 kwa springi, chasisi na bodi vitapanda, lakini difu itabaki palepale, ikikwangua tuta la katikati ya njia kama zamani. Kinachonyanyua difu ni tairi. Kazi ya springi ni kutengeneza nafasi ili tairi hiyo izunguke bila kugusa madigadi. Kwa hiyo chagua tairi kwanza, halafu inua gari kwa kiasi kidogo kabisa kinachoitosha. Kila inchi ya ziada utailipia kwenye kona, kwenye breki na kwenye propela, shafti inayopeleka nguvu kwenye difu.

Tairi gani

LN106 nyingi zilikuja na 205R16, ambayo kimo chake ni kama milimita 734. Mimi napendekeza 235/85R16: kimo milimita 806, sawa na inchi 31.7. Imezidi kwa milimita 72, na nusu yake, yaani 36, ndiyo difu inayopanda. Ni tairi ndefu na nyembamba. Inakaa kwenye rimu ya inchi 6 hadi 7.5, kwa hiyo angalia kwanza upana wa rimu za chuma zilizokuja na gari, na kwenye tope la masika inachimba hadi ikute udongo mgumu. 265/75R16 ina kimo karibu hichohicho (milimita 804) lakini ni pana, inataka rimu ya inchi 7 kwenda juu, na ndiyo itakayokugusa chasisi ukikata kona. Pana inapendeza kwa macho, na kwenye mchanga mwingi inasaidia. Kwa gari la kazi, chukua nyembamba.

Inchi 33 naziacha nje ya somo hili. Zinataka kuinua zaidi, kukata madigadi na kubadilisha meno ya difu.

Hatua ya 1: Kagua na upime

Nyanyua mbele, shika tairi juu na chini, itikise. Ikicheza, beringi za habu au za kingpini (egemeo ambalo tairi hugeukia) zimeisha, na tairi nzito itageuza mchezo huo mdogo kuwa mtikisiko wa usukani ukifika kilomita 60 kwa saa. Tengeneza hilo kwanza. Shokapu ya usukani haiponyi ugonjwa huo, inauficha tu.

Kisha weka gari mahali tambarare. Pima toka katikati ya habu hadi ukingo wa madigadi, pembe zote nne, uandike. Bila namba hizo hutajua umepata inchi ngapi kwa kweli, kwa sababu springi za zamani zimeshalala. Jioni yake mwagia mafuta ya kulegeza kutu kwenye nati zote za yubolti (bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli) na pini za shakeli (kiungo kinachoshika ncha moja ya springi kwenye chasisi).

Hatua ya 2: Springi, upande mmoja kwa wakati

Nunua seti ya springi za inchi 2 kulingana na mzigo unaoubeba kila siku, sio ule wa mara moja kwa mwaka. Springi ya kilo 500 za kudumu kwenye gari tupu itakurusha kichwa kwenye paa na tairi ya nyuma itadunda kwenye kokoto badala ya kushika.

Weka vizuizi kwenye tairi zisizonyanyuliwa, nyanyua, kalisha chasisi kwenye stendi imara. Jeki peke yake haitoshi, hata kwa dakika moja. Jeki ya pili iwe chini ya ekseli ili uipandishe na kuishusha taratibu. Fungua shokapu, kisha yubolti, kisha pini. Ukimaliza upande mmoja ndipo uende wa pili, la sivyo ekseli itahama na utahangaika kuirudisha.

Bolti ya katikati ya springi lazima iingie sawasawa kwenye tundu la kiti chake juu ya ekseli. Tumia yubolti mpya. Za zamani zimeshavutika, hazikazi tena inavyotakiwa. Zikaze kwa kuvuka, kidogokidogo, nne zote zilingane. Pini za shakeli na bushi usizikaze hadi mwisho gari likiwa hewani. Lishushe chini, litikisike, lisimame kwa uzito wake, ndipo ukaze. Ukizikaza likiwa juu, bushi zinakaa zimejipinda na zitararuka mapema.

Sasa mambo mawili ambayo gereji nyingi huyafanya, nami nayakataa. La kwanza ni tofali la chuma kati ya springi na ekseli ya mbele. Breki zikikamatwa ekseli hujisokota, na tofali linapata nafasi ya kutoka. Mbele, usiweke kabisa. La pili ni shakeli ndefu. Shakeli ikiwa ncha ya mbele ya springi, kuirefusha kunaishusha ncha hiyo, ekseli inainamia mbele, kasta (mwinamo unaofanya usukani ujirudishe) inapungua, na usukani unaanza kutangatanga barabarani wala haurudi wenyewe baada ya kona. Ikiwa kasta imepotea kidogo hata kwa springi nzuri, dawa ni kabari za chuma kati ya springi na ekseli. Ziwe za chuma. Za alumini hupasuka.

Hatua ya 3: Shokapu na raba za kugongea

Shokapu ya zamani ni fupi kwa springi mpya. Ikifika mwisho kabla ya springi, yenyewe ndiyo itakayobeba uzito wa ekseli kila tairi inaponing'inia, na itang'oka kwenye kishikio chake. Nunua ya urefu unaolingana na inchi 2. Raba za kugongea zishushe ikiwa tairi bado inafika kwenye madigadi springi ikibanwa hadi mwisho.

Hatua ya 4: Breki

Hapa naomba usome taratibu. Juu ya ekseli ya nyuma, kwenye chasisi, kuna valvu yenye kijiti kirefu kilichofungwa kwenye ekseli. Hiyo inapima mzigo. Gari likibeba, chasisi inashuka kuikaribia ekseli, kijiti kinasukumwa, valvu inaruhusu breki za nyuma zishike zaidi. Gari likiwa tupu inazipunguza ili tairi za nyuma zisikwame na kuteleza. Ukiinua gari inchi 2 bila kugusa kijiti, valvu itaamini gari ni tupu hata ukiwa na magunia manane ya mahindi nyuma, na mbele ndiko kutakakofanya karibu kazi yote ya kusimamisha. Kwenye mteremko mrefu kama Kitonga utaelewa ubaya wake.

Dawa ni rahisi: tengeneza kibano kinachoinua pale kijiti kinaposhikwa kwenye ekseli kwa kiasi kilekile ulichoinua nyuma. Usiiondoe valvu wala kuiziba, maana gari likiwa tupu kwenye lami yenye mvua nyuma kutakutangulia.

Acha ekseli ining'inie kabisa, kisha angalia hozi za breki mbele na nyuma. Zikiwa zimenyooka bila ulegevu, weka ndefu zaidi. Angalia pia waya wa breki ya mkono na kimpira cha kupumulia cha difu.

Hatua ya 5: Tairi, usukani, taa

Funga tairi, geuza usukani hadi mwisho pande zote mbili. Kisha pandisha tairi moja ya mbele kwenye tuta la udongo, ya upande wa pili ining'inie, ugeuze tena. Pakigusa kidogo, rekebisha bolti ya kikomo cha usukani kwenye nako (kile kipande kinachogeuka na tairi) au punguza ukingo wa plastiki. Tairi ya akiba nayo uijaribu palepale chini ya bodi, maana kubwa huenda isikae.

Nenda kapime mwelekeo wa tairi. Kwenye ekseli nzima kinachorekebishwa kwa tairodi ni tairi kutazamana tu. Shusha taa, zimepanda pamoja na gari na zinawachoma macho wanaokuja.

Kaza yubolti upya baada ya kilomita 100, tena baada ya 500.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Mbeya:* Shikamoo fundi. Baada ya kubadilisha tairi askari wa tochi amenikamata, naye spidomita yangu ilikuwa inasoma 50. Inawezekana?

Marahaba. Inawezekana kabisa. Tairi mpya inasafiri karibu asilimia 10 zaidi kwa kila mzunguko. Kama spidomita ilikuwa sahihi, ikisoma 50 unakwenda 55, ikisoma 80 unakwenda 88. Kilomita nazo zinahesabiwa pungufu: kama unamwaga oili kila 5,000, sasa mwaga spidomita ikiwa imeongeza 4,550.

*Mwanachama wa Butembo:* Kaka, mlima unaipiga gari. Gia ya tano haibebi tena. Nibadilishe difu?

Hesabu meno kwanza. Kama ni 41 kwa 9, yaani 4.556, tairi mpya imeishusha hadi kuwa kama 4.15. Ukiweka 4.875 (39 kwa 8) unarudi kwenye 4.44, karibu na ulipotoka, na kwa milima yenu ndiyo ningechagua. 5.29 inafaa inchi 33. Lakini badilisha mbele na nyuma kwa pamoja. Difu zikitofautiana, siku utakayoingiza 4x4 kwenye ardhi ngumu utavunja kitu.

*Mwanachama wa Nanyuki:* Yangu ni ya 1999, mbele haina springi za mabamba, ina tosheni, zile fimbo zinazojisokota badala ya springi. Jirani anasema nikaze bolti zake tu itapanda.

Itapanda, ndugu yangu, ila hujaongeza springi. Unachofanya ni kula ile nafasi ya tairi kushuka, kwa hiyo kila shimo mkono unagonga kikomo cha chini. Shafti za mbele nazo zinafanya kazi zimepinda, na mipira yake inararuka. Milimita 30 zinavumilika. Ukitaka zaidi, badilisha tosheni zenyewe na shokapu, na ubaki na tairi ndogo kuliko ya somo hili.

*Mwanachama wa Iringa:* Dada yenu hapa. Nimepata rimu za Land Cruiser 75 kwa bei nzuri. Zitaingia?

Karibu dada. Matundu ni 6 na duara lake ni milimita 139.7, sawa na Hilux. Jaribu moja kabla ya kulipa: ione inakaa kwenye habu bila kulazimishwa, haigusi kalipa ya breki, na haitoi tairi nje ya madigadi. Kama ni zile za vipande, zenye pete ya chuma pembeni, usikubali zifunguliwe wala kujazwa upepo na mtu asiyezijua. Pete ikiruka inaua. Kwa tairi isiyo na tyubu, tafuta rimu ya kipande kimoja.

*Mwanachama wa Mpanda:* Nyuma inatetema nikifika 70, tangu kuinua. Tairi zimebalansiwa mara mbili.

Angalia propela. Kama ni ya vipande viwili yenye beringi katikati, kuinua kumeipinda pale kati. Shusha beringi hiyo kwa washa nene za milimita 10 hadi 20 ukijaribu, na ukague kros (viungo vya propela) kama zina mchezo. Ikiendelea, pembe ya difu yenyewe inataka kabari.