Kufufua gari ya spoti ya zamani nyumbani kwako bila kufilisika

Wengi wakishapata gari ya spoti ya zamani kitu cha kwanza ni kuifumua. Wikiendi moja tu bampa zimetoka, viti vimetoka, injini iko chini, maboksi ya vyuma yamejaa hadi mlangoni, na hapo ndo mradi unapofia, kwa sababu gari iliyofumuliwa yote inadai kila kitu kwa wakati mmoja, hela ya rangi hela ya mipira hela ya injini, na wewe mshahara ni uleule. Kwa hiyo nasema mapema: kama bajeti ni ndogo, usiifumue yote. Ifanye iwake, ifanye isimame ukikanyaga breki, halafu shika mfumo mmoja, umalize, gari itembee tena, ndo uingie mwingine. Itachukua muda zaidi lakini utakuwa na gari muda wote huo, sio lundo la vyuma.

Ila hayo yote yanaanza kabla hujanunua, na kwenye kununua ndo hela nyingi inapookolewa au kupotea.

Gari ya bajeti ni ile yenye spea zinazopatikana. MGB ilitengenezwa kuanzia 1962 mpaka 1980, zaidi ya laki tano, na mpaka leo unapata karibu kila kitu chake kipya, hata bodi nzima zilianza kutengenezwa upya 1988. Triumph Spitfire nayo ni ya miaka hiyohiyo, 1962 hadi 1980, na kwa mtu anayejifunza naipenda sana kwa sababu bodi na chesisi ni vitu viwili tofauti, halafu boneti lote na mabega yake linafunguka kwa mbele, unakaa juu ya gurudumu unafanya kazi kwenye injini bila kuumiza mgongo. Mazda MX-5 ya kwanza iliyotoka 1989 ni rahisi kuishi nayo, haina kabureta za kukusumbua. Datsun 240Z ni nzuri mno, ile injini ya silinda sita ina sauti ya kipekee, lakini inaoza vibaya na bei zake zimeshapanda, sio ya kuanzia. Gari adimu ambayo taa moja ya nyuma inatafutwa mwaka mzima iache, hata ukipewa bure.

Sasa kutu. Injini mbovu haitishi, inafunguliwa mezani inarekebishwa. Gia boksi vilevile. Kilichooza kwenye bodi ndo kinachokula hela, kwa hiyo siku ya kwenda kuona gari acha kuangalia rangi, lala chini. Chukua sumaku ndogo ukaivike kitambaa chembamba usikwaruze, ipitishe kwenye mabega, chini ya milango, kona za nyuma, pale isiponasa kuna puti na chini ya puti kuna tundu. Inua zulia lote, sio kona tu. Bonyeza sakafu kwa bisibisi, chuma kizima kinagonga, kilichooza kinazama. Kwenye 240Z fungua sehemu inapokaa betri, asidi imekula chuma cha chini yake miaka mingi. Kwenye MX-5 angalia vitundu vya kutolea maji ya paa la turubai, vikiziba maji yanaingia ndani ya zile kingo za chini ya milango na zinaoza kutokea ndani wakati nje rangi bado inang'aa.

Hizo kingo za chini ya milango nazikazia kwa sababu kwenye gari isiyo na paa la chuma ndo uti wa mgongo wenyewe. MGB haina chesisi ya kujitegemea, ukingo wake wa chini ni matabaka kadhaa ya bati yaliyoungana na ndo yanashikilia mbele na nyuma ya gari. Angalia nafasi kati ya mlango na bodi, kama juu imebana na chini imeachia, gari imeshaanza kujikunja katikati. Fungua na ufunge milango mara kadhaa, mlango unaokwaruza au unaotaka kunyanyuliwa ndo ufunge, uliza kwa nini. Bei ikiwa chini sana na kingo zimeoza, ile gari ni ghali kuliko ya jirani yake iliyo nzima, waliosema rahisi huvunja upishi waliona mbali.

Ukishaifikisha nyumbani nunua kitabu cha gereji cha modeli yako kabla ya spana yoyote. Halafu vifaa: seti nzuri ya boksi spana, hakikisha saizi zinaendana na gari, magari ya Uingereza ya zamani yanatumia inchi na spana ya milimita itakula kichwa cha nati, jeki ya magurudumu, stendi nne za chuma, multimita ya kupimia umeme, na taa nzuri. Hapo kwenye stendi sina mzaha, jeki ni ya kunyanyulia tu, usiingize hata mkono chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake.

Gari iliyosimama miaka usiwashe siku hiyohiyo, najua mkono unawasha kugeuza ufunguo lakini vumilia. Toa plagi zote, tia oili kidogo kwenye kila silinda, iache ilale usiku mzima au zaidi, kisha zungusha injini kwa mkono na spana kwenye bolti ya puli ya krenki. Ikizunguka laini umepata bahati, ikigoma ongeza oili usubiri tena, usilazimishe kwa mti mrefu maana ringi iliyoshikwa na kutu inavunjika. Mwaga oili ya zamani, filta mpya, oili mpya. Mwaga petroli yote iliyooza. Zungusha kwa stata plagi zikiwa bado nje mpaka presha ya oili ipande kwenye geji, ndo urudishe plagi.

Ikishawaka na kupata joto pima kompresheni, yaani mgandamizo wa ndani ya kila silinda, plagi zote nje, umeme wa koili umetolewa, pedali ya mafuta imekanyagwa mpaka chini. Namba yenyewe inategemea injini, cha muhimu ni silinda zisipishane sana, tofauti ya asilimia 10 hadi 15 inavumilika. Moja ikiwa chini tia kijiko kidogo cha oili ndani yake upime tena, ikipanda ni ringi, isipopanda tatizo lipo kwenye vali, na mbili zilizo jirani zikiwa chini kwa pamoja mara nyingi ni gasketi ya hedi. Kipimo hicho cha dakika chache kinaweza kukuokoa na ovaho, kufumua injini nzima, ambayo gari haikuihitaji. Injini yenye kompresheni nzuri na presha nzuri ya oili iache hivyohivyo hata kama inavuja kidogo na sura yake ni chafu, ioshe, hela peleka kwenye breki.

Breki ndo mfumo wa kwanza wa kumaliza kabisa, sio kugusagusa. Fluidi ya DOT 3 na DOT 4 inanyonya maji kutoka hewani, baada ya miaka mabomba yanaoza kwa ndani na pistoni zinashika kutu. Badilisha mipira yote ya kupitishia fluidi ya breki bila kuangalia sura yake, ule mpira unavimba ndani, unapitisha presha ya kwenda lakini haurudishi, gari inabaki imeshika breki upande mmoja na watu wanabadilisha kalipa nzima bure. Mabomba ya chuma yaliyooza weka ya mchanganyiko wa kopa na nikeli, yanakunjika kwa mkono na hayashiki kutu. Kalipa na masta silinda usikimbilie mpya, kama ukuta wa ndani hauna vishimo unanunua kifurushi cha mipira midogo ya ndani ya kuzuia kuvuja tu na kazi unafanya mwenyewe mezani. Vumbi la breki kwenye gari za zamani linaweza kuwa na asbesto, nyuzi zinazoharibu mapafu, kwa hiyo usilipulize kwa hewa, lilowanishe ulipanguse na kitambaa cha kutupa. Na fluidi ikidondokea rangi iwahi na maji, inaibabua.

Matairi usidanganyike na meno. Ubavuni kuna tarakimu nne, 2316 maana yake wiki ya 23 mwaka 2016. Yakishapita miaka kumi toa, hata kama yanaonekana mapya.

Mafuta: petroli ya siku hizi yenye ethanoli inalainisha mipira ya zamani mpaka inapasuka, na mpira wa petroli uliopasuka juu ya injini ya moto ni gari kuungua. Badilisha yote, tafuta iliyoandikwa SAE J30 R9. Tanki lililooza usilichomelee wala kulikata na grainda hata kama limekaa tupu miaka mingi, mvuke unabaki ndani na unalipuka. Nunua jingine au lipeleke kwa wanaojua kulisafisha.

Upande wa umeme naweza kusema karibu nusu ya maajabu yote, taa hafifu, geji zinazocheza, stata inayojivuta, ni athi mbovu tu, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi. Toa kila waya wa athi, sugua chuma mpaka king'ae, kaza, paka grisi. Kisha weka multimita kati ya injini na nguzo ya betri yenye waya wa athi, mtu mwingine apige stata, ikisoma zaidi ya nusu volti ujue njia ya kurudi ina tatizo. MGB za mwanzo mpaka 1967 zina athi upande wa chanya, kwa hiyo soma kitabu kabla hujafunga betri au redio.

Kabureta acha za mwisho. Watu wanakimbilia kabureta kwa sababu zinaonekana na zina skrubu za kuzungusha, lakini huwezi kuzipanga kama vitu vingine haviko sawa. Anza na nafasi ya tapeti, ule uwazi mdogo wa juu ya vali, kwenye MGB ya 1800 ni inchi 0.015, kisha plagi, kontakti za ndani ya distributa, taimingi, hakikisha hakuna hewa inayoingia kwenye manifoldi, ndo sasa kabureta. Zile za aina ya SU zinazofungwa mbilimbili tia oili kwenye mnara wake wa juu, halafu shika kipande cha mpira sikioni na mwisho mwingine mdomoni mwa kabureta, sikiliza sauti ya moja na nyingine, rekebisha mpaka zifanane. Haina gharama yoyote na ni kazi tamu sana.

Gari ikishatembea na kusimama ndo tunarudi kwenye bodi. Kujifunza kuchomelea kunaokoa hela kuliko ujuzi mwingine wowote kwenye kazi hii. Mashine ya MIG ya gesi, waya wa milimita 0.6, fanya mazoezi kwenye mabati ya kutupa mpaka uwe unaona chuma kinavyoyeyuka kabla hujagusa gari. Bati la gari ni jembamba, usivute mstari mrefu, choma nukta hapa, nukta kule mbali, acha vipoe, la sivyo bati linajikunja lote. Toa nyaya za betri kwanza, weka maji karibu, ondoa zulia na chochote kinachoungua upande wa pili wa bati. Sehemu yoyote uliyoisafisha kwa spirei ya kusafishia breki yenye klorini usiichomelee, moto unaigeuza kuwa gesi ya sumu kali.

Kingo za chini ya milango kwenye gari ya wazi zina utaratibu wake na hapo usiruke hatua. Gari iwe imekaa sawasawa kwenye stendi, uzito ukiwa pale magurudumu yalipo, kisha chomelea vyuma vya kushikilia uwazi wa mlango, kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma, mlango wenyewe ukishapimwa na nafasi zake ziko sawa. Ndo ukate. Upande mmoja tu, umalize, ufunge mlango uone, uende mwingine. Ukikata bila kufunga hivyo gari inalegea katikati na milango haitafunga tena milele. Ukimaliza kila kitu mwaga nta ya kuzuia kutu ndani ya maboksi yote ya bodi, lakini baada ya kuchomelea na rangi, sio kabla.

Rangi jamani kwanza jaribu kuiokoa ya zamani. Osha, pitisha kompaundi taratibu, mara nyingi chini ya ule weupe kuna rangi nzima kabisa. Kama lazima ipakwe upya, kazi ya kutoa vioo vya taa, kusugua msasa 80, 180, 320, puti na kunyoosha fanya mwenyewe, hiyo ndo inakula masaa mengi ya fundi, ila vaa maski maana rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi. Kupulizia mpe mwenye chumba chake. Rangi za kuchanganya na hadna zina isosayaneti ambazo zinaharibu mapafu, na wanaozipulizia kila siku wanavaa maski inayoletewa hewa safi kwa bomba.

Spea ya zamani usitupe mpaka mpya ifungwe na ikae, mpya nyingi zinahitaji kulinganishwa na kupapaswa na tupa kidogo. Ukipata gari ya kuchinja, ya kutolea spea, ya modeli yako na una nafasi, ichukue, bolti na vibano vyake pekee vitakurudishia muda mwingi. Na kila unachofungua piga picha kwanza, bolti zake kwenye mfuko zenye jina, hata kama unaamini utakumbuka.

Safari ya kwanza iwe fupi na karibu na nyumbani. Ukirudi gusa katikati ya kila rimu kwa uangalifu, lenye moto kuliko mengine breki yake inashika. Angalia chini panapodondoka, kagua maji na oili ikishapoa, kisha kaza tena nati za magurudumu, na rudia kuzikaza ukishafikisha kama kilomita 80.