Umeambiwa "huna sifa" ya kujiunga na chuo kikuu? Pitia hatua hizi kwanza

Dirisha la udahili likifunguliwa, ubishi huwa uleule: "Mimi nina divisheni tuu, jirani ana thrii, mbona kapata yeye?" Wadau, divisheni haidahili mtu. TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) na vyuo wanatazama masomo ambayo kozi yenyewe inayataka, basi.

Hatua ya 1: Piga hesabu yako. Kwa waliomaliza kidato cha sita kuanzia 2016, A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Unatakiwa uwe na prinsipo (ufaulu wa A hadi E katika somo) mbili zenye jumla ya pointi 4 au zaidi. D mbili zinatosha, C na E zinatosha. D na E hapana, hiyo ni 3. S, iliyo chini ya prinsipo, haihesabiwi, na GS (General Studies) au BAM (hesabu za ziada) hazijazi pengo la prinsipo hata kama ulifanya vizuri.

Waliomaliza 2014 na 2015 wana jedwali lao, maana miaka ile kulikuwa na B+: A 5, B+ 4, B 3, C 2, D 1. Kwao kiwango cha chini ni C mbili. Watu hubishana hadi usiku wa manane, kumbe mmoja anasoma cheti cha 2015 kwa jedwali la 2019.

Hatua ya 2: Fungua mwongozo wa TCU kwenye kozi yako. Viko vitabu viwili, cha kidato cha sita na cha wenye stashahada au sifa linganifu. Migogoro mingi inazaliwa hapa. Chukua udaktari wa binadamu: unahitaji prinsipo za Fizikia, Kemia na Baiolojia, zote tatu, kwa jumla ya pointi 6. Mwenye A ya Baiolojia, B ya Kemia na S ya Fizikia ana pointi 9 za kutamba nazo mtaani, na bado udaktari hana sifa. Kozi nyingine za sayansi ziko wazi kwake.

Tofautisha pia "huna sifa" na "nafasi zimejaa". La kwanza linapingwa kwa vyeti. La pili halina rufaa, omba awamu inayofuata.

Hatua ya 3: Wa stashahada. GPA isipungue 3.0, uwe na pasi nne za kidato cha nne, na AVN (namba ya uhakiki wa stashahada) kutoka NACTVET, baraza la elimu ya ufundi. Ukikosa AVN, hata GPA ya 4.2 haitakuokoa. Mara nyingi kosa si lako: chuo ulikosoma hakijawasilisha matokeo. Kasumbue huko, usipoteze nauli kwenda kugombana na chuo kikuu.

Hatua ya 4: Lalamika kwa maandishi. Tangu 2017 maombi yanapelekwa moja kwa moja chuoni, si kwenye mfumo wa pamoja wa TCU kama zamani. Kwa hiyo anza na ofisi ya udahili ya chuo: omba sababu, ambatisha vyeti na ukurasa wa mwongozo wenye kozi yako. Wakikaa kimya, peleka TCU na nakala ya barua ya kwanza. Mahakama Kuu ipo pia, ila ombi la mapitio lina ukomo wa miezi 6 tangu uamuzi, na muhula hautakusubiri.

Aliyekwisha kupokelewa naye atunze nyaraka zake. Mwaka 2016 zaidi ya wanafunzi 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu walirudishwa nyumbani kutoka UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma). Sifa zilipochambuliwa, wapo waliohamishiwa vyuo vya ualimu na wapo walioambiwa hawastahili. Wote walikuwa wameshapokelewa.

MASWALI YA WADAU

*Mkuu, nina HGL: History C, Geography S, English E. Nimeisha?*
Hujaisha. C na E ni 4. Ila kozi yoyote inayodai prinsipo ya Jiografia iache, usije ukachoma ada ya maombi bure.

*Shikamoo mwalimu. Cheti cha form four kina majina mawili, cha six matatu. Chuo kimenigomea.*
Marahaba mwanangu. Kama shule ilikosea kuandika, anzia shuleni, kisha NECTA (Baraza la Mitihani). Kama ulibadili jina mwenyewe, chuo kitataka hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Peleka kabla ya uhakiki.

*Nimechaguliwa vyuo viwili. Kijana wa steshenari amethibitisha nisikotaka, sasa chuo ninachokitaka kinasema siwezi.*
Dada, ingia kwenye akaunti yako ya chuo hicho utengue uthibitisho kabla muda haujafungwa, kisha uthibitishe unakotaka. Namba ya siri ya uthibitisho usimpe mtu tena, na nywila badilisha leo.

*Nina cheti cha UACE (kidato cha sita) cha Uganda. Nipige pointi kwa jedwali lako?*
Hapana. Nenda NECTA wakulinganishie matokeo kwanza. Barua yao ndiyo chuo kitakayoisoma.