Darasa la nyumbani ufukweni: panga safari kwa mwezi wa angani, si kwa nafasi yako

Jumamosi iliyopita dada mmoja tunayesali naye alinipigia simu akiwa Coco Beach, Dar es Salaam, na watoto watatu, ndoo na daftari. "Hayo mawe uliyosema yako wapi? Mbona naona maji tu?" Mawe yalikuwa palepale, ila yamefunikwa. Kosa lilikuwa langu, nitalieleza kwenye hatua ya pili. Naandika haya ili asije akapoteza nauli mwingine anayesomesha watoto nyumbani kwa mtindo huu wetu wa kale wa Kikristo.

Hatua ya 1: Wakariri kwanza

Mtindo huu una ngazi tatu: sarufi, mantiki, na balagha, yaani ufasaha wa kusema. Mwandishi Mwingereza Dorothy Sayers, katika hotuba aliyoitoa Oxford mwaka 1947, aliufananisha umri wa kwanza na kasuku, kwa sababu mtoto wa umri huo anafurahia kurudia hata asichokielewa. Basi mlishe. Wiki mbili kabla ya safari, dakika kumi kila siku baada ya chai: Zaburi ya 104 mstari wa 24 hadi 26, majina kumi ya viumbe wa pwani, na maneno manne ya Kilatini: mare (bahari), luna (mwezi), stella (nyota), moneta (fedha).

Kilatini kisikutishe. Mtoto anayesema "bahari" na "baharini" tayari anajua kwamba neno hubadilika mwisho kulingana na kazi yake. Ukimwambia mare huwa in mari, hashangai. Wazazi ndio tunaoshangaa.

Mitaala ya Marekani siichapishi. Wino ghali, halafu unakuta mtoto wa Tabata anapaka rangi kindi na majani ya vuli, wakati kiti cha pweza, yule kiumbe wa bahari mwenye umbo la nyota, kiko mwendo wa daladala mbili tu.

Hatua ya 2: Jua maji yanapwa lini

Hapa ndipo nilipopoteza siku nzima, tena zaidi ya mara moja, kwa hiyo nivumilie.

Mara ya kwanza nilikwenda siku niliyokuwa na nafasi. Maji yalipwa, ndiyo, lakini kidogo sana, kwa sababu yalikuwa maji mafu. Mwezi ukiwa nusu, jua na mwezi huvuta bahari kila mmoja upande wake, kwa hiyo haijai sana wala haipwi sana. Unachotaka ni bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kupita kawaida, siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu, pale jua, dunia na mwezi vinapokaribia kukaa kwenye mstari mmoja. Kwenye jedwali la maji la Dar es Salaam tafuta siku ambayo kina cha chini kabisa ni nusu mita au pungufu. Ukiona mita moja na zaidi, baki nyumbani mfanye hesabu.

Bahati nzuri, pwani yetu ina tabia ya kukumbukika. Siku za bamvua maji hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na hujaa mnamo saa kumi alasiri. Kila siku inayofuata huchelewa kwa takriban dakika hamsini. Kwa hiyo ukiikosa Jumamosi, usidhani Jumamosi ijayo saa ileile itakuwa sawa. Itakuwa karibu kinyume chake.

Sasa mtego. Majedwali na programu za simu huandika saa za kizungu. Nilimtumia yule dada ujumbe nilivyouona kwenye simu: "maji yanapwa 10:05". Yeye akasoma saa kumi na dakika tano, akapika, akapumzisha watoto, akafika saa kumi jioni, wakati bahari imejaa kuliko saa nyingine yoyote ya mchana ule. Ilikuwa saa nne na dakika tano asubuhi. Tangu siku hiyo naandika kwa maneno: saa nne asubuhi. Angalia pia kama programu yako inasoma saa za Greenwich, maana hapo unaachwa saa tatu nzima.

Kati ya programu na mvuvi, mimi namwamini mvuvi. "Shikamoo mzee, bamvua lini?" Atakujibu kwa tarehe za mwezi mwandamo bila kutazama popote. Watoto wakubwa waambie kanisa nalo linahesabu hivyohivyo: Pasaka ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia Machi 21, kwa hesabu ya kanisa yenyewe. Hapo umefundisha hesabu, nyota na historia ya kanisa kwa swali moja la maji.

Hatua ya 3: Mizigo

Viatu vya kufunga, si ndala. Maji ya kunywa, kofia, penseli, kauntabuku. Simu ya kupigia picha iache mfukoni. Mtoto akipiga picha haangalii tena.

Hatua ya 4: Kwenye mawe

Fika mapema, muda wa saa moja na nusu kabla maji hayajafika chini kabisa, uyafuate yanavyorudi. Chomeka kijiti kwenye mchanga ukingoni mwa maji, na kila robo saa mtoto apime umbali kwa hatua zake. Maji yakigeuka, nanyi mgeuke.

Kila mtoto achague kiumbe mmoja tu akichore pale alipokikuta. Hakuna kubeba kilicho hai. Konokono mwenye ganda la umbo la koni asiguswe kabisa, ana mshale wa sumu. Wale weusi wenye miiba mirefu wanajieleza wenyewe.

Ukipata kauri tupu, lile ganda la konokono wa baharini, una somo zima mkononi. Jina lake la kisayansi ni Monetaria moneta, na moneta ndiyo ile waliyokariri: Warumi walifua sarafu kwenye hekalu la Juno Moneta. Kauri nazo zilikuwa fedha, hadi Buganda. Wangu wa pili alinyamaza kidogo, kisha akauliza kwa nini basi watu hawakuja tu ufukweni kuokota utajiri. Hiyo ndiyo mantiki, na sikuwa nimeipanga.

Hatua ya 5: Jioni ileile

Mdogo asimulie alichokiona bila kusomewa chochote. Wa kati ajibu swali la kauri kwa sababu tatu. Mkubwa asimame mbele ya baba yake na aeleze, kwa dakika tano, Ayubu 38 inasema nini kuhusu mpaka wa bahari na kile kijiti kilionyesha nini. Usiahirishe hadi Jumatatu. Mimi niliahirisha mara moja, nikapata michoro mitatu ya kaa inayofanana, yote imenakiliwa kwa dada mkubwa.