Somo: Mazoea ya kila siku kwa mwenye ADHD, na njia ya kuyarudia yakikatika

Kabatini kwangu kuna madaftari saba ya ratiba. Kila moja limejazwa vizuri kwa wiki mbili hivi, kisha kurasa tupu hadi mwisho. Kwa miaka mingi niliyaona kama ushahidi kwamba sina nia. Nilipopimwa na kuambiwa nina ADHD, hali ya ubongo inayofanya iwe vigumu kushika umakini, kujizuia na kujipanga, tayari nikiwa mtu mzima mwenye kazi na watoto, niliyatoa yote nikayasoma upya. Ratiba zote zilikuwa nzuri. Nilijua kabisa la kufanya. Ambacho hakikuwamo katika daftari hata moja ni ukurasa wa kuniambia nifanye nini siku ya kumi na tano, baada ya kukosa siku ya kumi na nne.

Somo hili ni kwa ajili ya ukurasa huo. Nina hatua sita, na ya sita ndiyo iliyonifanya niandike. Ukiona unachoka kusoma, ruka uende huko.

Kwanza tuelewane kuhusu tatizo lenyewe. Russell Barkley, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeichunguza ADHD kwa miongo mingi, amekuwa akisisitiza kwamba shida yetu si kutojua la kufanya. Shida ni kulitenda tunalolijua, mahali pale na wakati ule linapotakiwa. Sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo kazi yake ni kupanga, kujizuia na kushika jambo akilini, inategemea sana dopamini na noradrenalini, kemikali zinazopeleka ujumbe ndani ya ubongo, na kwetu mfumo huo unaenda tofauti. Ndiyo maana jambo jipya, la kuvutia au la dharura hutuamsha papo hapo, huku jambo la maana lisilo na msisimko likituponyoka hata kama tunalithamini. Mwaka 1902, daktari George Still alipotoa mihadhara yake London kuhusu watoto wa namna hii, alilieleza tatizo kuwa ni kasoro ya kujitawala kimaadili. Zaidi ya miaka 100 imepita na bado tunaitwa wavivu, wazembe, watu wasiojali. Naomba utue mzigo huo kabla hujaendelea. Aibu hula nguvu ileile unayoihitaji ili kuanza.

Hatua ya kwanza: chagua zoea moja, ulipunguze mpaka lionekane dogo mno

Moja tu. Najua siku unapoamua kubadilika unataka kubadilisha kila kitu: kulala mapema, mazoezi, usafi wa nyumba, kusoma. Hamu hiyo ni ya upya, na upya huisha. Chagua lile ambalo likikaa sawa litayapunguzia mengine uzito. Kwangu lilikuwa kumeza dawa asubuhi. Kwako huenda ni kuandaa begi usiku, au kujibu barua pepe za kazini kabla ya kufungua kitu kingine. Kisha lipunguze. "Kusafisha jikoni" liwe "kuosha vyombo vilivyomo kwenye sinki sasa hivi".

Hatua ya pili: litoe kichwani, uliweke njiani

Kumbukumbu yetu ya kazi, ile inayoshika jambo kwa sekunde chache huku mikono ikifanya jingine, huvuja. Usiitegemee. Kila kitu unachotakiwa kukumbuka kiwekwe mahali ambapo mwili wako utakigusa au macho yako yatagongana nacho saa ileile unayokihitaji. Dawa kando ya mswaki. Funguo kwenye ndoano ya mlangoni, si mezani. Barua ya kupeleka iegemezwe mlangoni, chini kabisa, ili usiweze kutoka bila kuiokota.

Vyombo vya kuhifadhia viwe vya kuona ndani. Ninachokifungia kwenye droo, kwangu kimekufa. Hata milango ya kabati moja niliing'oa, na tangu siku hiyo sijanunua tena kitu ambacho tayari ninacho.

Jambo moja wengi hawaambiwi: karatasi ya kukumbusha ina umri. Baada ya wiki moja au mbili jicho huizoea, ikawa sehemu ya ukuta. Hilo likitokea usijilaumu. Badilisha rangi, badilisha mahali, iandike upya. Mimi huhamisha zangu kila Jumapili.

Hatua ya tatu: lifunge kwenye tendo, si kwenye saa

Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia wa Ujerumani, alionyesha katika maandishi yake ya 1999 kwamba nia yenye muundo wa "likitokea hili, nitafanya lile" hutekelezwa zaidi kuliko nia tupu. Kwetu sisi muundo huu una faida ya ziada, kwa kuwa hauombi tukumbuke saa. "Nitameza dawa saa moja asubuhi" ni nia. "Nikirudisha mswaki kwenye kikombe, mkono uleule unachukua dawa" ni kamba iliyofungwa kwenye kitu ambacho tayari kinatokea kila siku. Andika sentensi yako kwa mkono, uisome kwa sauti, kisha ulifanye tendo lenyewe mara tatu mfululizo hapohapo, kama zoezi. Utajiona wa ajabu. Fanya hivyohivyo.

Hatua ya nne: fanya muda uonekane

Kwa wengi wetu kuna nyakati mbili tu, sasa na siyo sasa. Mkutano wa saa nane uko kwenye "siyo sasa" mpaka dakika tano kabla, ndipo unahamia kwenye "sasa" kwa kishindo. Saa ya mishale husaidia kuliko ya tarakimu, kwa sababu unaiona nafasi iliyobaki. Weka kengele mbili kwa kila safari: ya kwanza inasema "anza kufunga kazi", ya pili inasema "simama, vaa viatu". Kengele moja inayolia wakati wa kuondoka imeshachelewa.

Kisha kwa siku tano fanya kipimo hiki. Kabla ya jambo lolote, andika unavyokadiria litachukua dakika ngapi. Ukimaliza, andika zilizotumika. Mimi niligundua kwamba kujiandaa asubuhi, nilikokukadiria dakika 20, kunachukua dakika 50. Miaka yote niliyochelewa nilikuwa nikipanga siku kwa hesabu ya uongo, na hakuna juhudi ingeweza kuiokoa.

Mtindo wa Pomodoro wa Francesco Cirillo, dakika 25 za kazi kisha mapumziko mafupi, unawafaa baadhi yetu. Kama 25 ni nyingi, anza na 10.

Hatua ya tano: awepo mtu

Mtu akikaa karibu nawe, hata akifanya kazi yake mwenyewe bila kusema neno, kazi yako huanza kwa urahisi zaidi. Anaweza kuwa kwenye simu ya video, kila mmoja na yake. Mwambie tu mwanzoni unachokwenda kufanya, na mwishoni ulikofikia.

Hatua ya sita: andika njia ya kurudi kabla hujaanza

Zoea lako litakatika. Nalisema bila kukukatisha tamaa. Utaugua, utasafiri, mtoto ataumwa, au bila sababu yoyote msisimko utaisha na asubuhi moja hutafanya. Kilichokuwa kikiniangusha si asubuhi ile. Ni siku zilizofuata, ambapo kila niliponyanyua daftari niliona nafasi tupu, nikasikia moyo ukizama, nikalifunga. Siku moja ya kukosa ikazaa miezi sita.

Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliojitolea kujenga zoea jipya, wakachapisha matokeo mwaka 2010. Kwa kipimo cha kati ilichukua siku 66 tendo kuanza kujiendesha lenyewe, lakini tofauti kati ya watu ilikuwa kubwa: kuanzia siku 18 hadi makadirio ya siku 254. Na walichokiona kuhusu kukosa ndicho kilichonifariji: kukosa fursa moja hakukuharibu kwa kiasi cha maana ujenzi wa zoea. Utafiti huo haukuwa wa watu wenye ADHD, na sisi tutakosa zaidi ya mara moja. Lakini siku iliyopotea haifuti zilizotangulia. Kinachofuta ni kutorudi.

Kwa hiyo, siku ileile unayoanza, ukiwa bado na nguvu na matumaini, mwandikie barua yule wewe atakayekuwa amekosa. Iwe fupi. Iwe na mambo matatu. La kwanza, ruhusa: "Umekosa siku kadhaa, na tulijua itatokea." La pili, tendo dogo kuliko zoea lenyewe: kama zoea ni kutembea nusu saa, tendo la kurudia ni kuvaa viatu na kusimama nje ya mlango. La tatu, katazo: "Usilipe deni." Usitembee saa mbili kufidia. Usijaze nafasi zilizobaki tupu kwenye daftari. Deni ndilo linalotufanya tukimbie.

Tupa pia hesabu ya siku mfululizo. Programu za simu zinazokuonyesha siku 40 bila kukatika hukupa raha mpaka siku ya 41, kisha zinakuonyesha sifuri. Mimi sasa nahesabu mara nilizorudi. Kwenye ukuta wangu kuna vistari 23, kila kimoja ni mara niliyokatika nikarudi, na kila nikiongeza kimoja najisikia nimefanya jambo kubwa, kwa kuwa ni kweli nimelifanya.

MASWALI

*Dada, nimegunduliwa juzi, nina miaka 41. Daktari amenipa dawa. Bado nahitaji haya yote?*

Ndiyo, kaka yangu, na vinasaidiana. Dawa ikikufaa hukupa nafasi kati ya wazo na tendo, na nafasi hiyo ndiyo unayojengea mazoea. Haikupangii siku. Mwongozo wa 2018 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, unasema mtu mzima apewe dawa ikiwa dalili bado zinamkwaza sana hata baada ya kurekebisha mazingira yake, kwa hiyo ndoano na kengele hazikuletwa kuja kuziba pengo la dawa. Usibadilishe kipimo wala kuacha dawa bila kuzungumza na daktari wako.

*Mimi sina ADHD, mume wangu ndiye anayo. Nimechoka kumkumbusha. Nikikumbusha ananuna, nikinyamaza mambo yanaharibika.*

Pole sana, dada. Uchovu wako ni wa kweli na una haki nao. Kaeni siku ambayo hakuna aliyekasirika, mchague jambo moja unaloacha kulikumbusha kabisa, na yeye achague kitu kitakachochukua nafasi yako: kengele, karatasi mlangoni, malipo yanayojikata yenyewe benki. Akichague yeye, si wewe. Wiki za kwanza jambo litaanguka mara moja mbili. Ukilidaka kila linapoanguka, kengele yake utaendelea kuwa wewe.

*Nimeona video nyingi, dalili zote ninazo. Je, ninayo?*

Inawezekana, na inawezekana sivyo. Kila binadamu husahau na kuahirisha. Mtaalamu huangalia kama dalili zilikuwepo kabla ya miaka 12, kama zinatokea katika mazingira zaidi ya moja, kazini na nyumbani kwa mfano, na kama kweli zinaharibu maisha. Ataangalia pia mengine yanayofanana nayo: wasiwasi, sonona, matatizo ya tezi ya shingo, usingizi mbovu. Kabla ya kwenda, waulize waliokulea ulikuwaje shuleni, na kama ripoti zako za shule zipo, zichukue. Hatua za somo hili hazihitaji cheti. Anza nazo leo.

*Usiku ndipo akili inapoamka. Silali mpaka saa nane.*

Kwa watu wengi wenye ADHD saa ya mwili iko nyuma, si wewe peke yako. Usianze na saa ya kulala, maana huwezi kujilazimisha usingizi. Anza na saa ya kuamka, iwe ileile hata siku za mapumziko, na utoke kwenye mwanga wa jua mapema. Simu ichajiwe chumba kingine. Ikiendelea kukutesa, mweleze daktari.

*Dada, niliandika barua ya kurudi kama ulivyosema. Nimekosa wiki tatu, na barua yenyewe siioni. Nimekaa hapa nalia.*

Mdogo wangu, umeshaanza kurudi; umekuja kuuliza. Usiitafute. Chukua kalamu, andika nyuma ya mlango wako, kwenye mbao yenyewe ikibidi: "Tulijua itatokea. Usilipe deni." Chini yake andika lile tendo dogo. Zoea lako lilikuwa lipi?

*Kunyoosha mgongo dakika kumi nikiamka.*

Basi tandika mkeka sasa hivi, ukae juu yake. Usinyooshe chochote. Ukishakaa, piga kistari kimoja ukutani, kisha urudi uniambie.

*Nimekaa.*